Kadi Mbili za Televisheni na Uso wa Khatibu

Wanangu, juzi binti mmoja anayejifunza ufundi pale Chake alinishtua bila ya kukusudia. Alikuwa amefungua kompyuta kuukuu iliyotupwa na skuli, akakuta ndani yake kadi yenye tundu la duara kwa nyuma. Akanijia nayo mkononi.

"Babu, hapa kulikuwa kunachomekwa nini?"

"Antena," nikamwambia.

"Antena ya nini?"

"Ya televisheni."

Akaniangalia kama niliyemwambia kwamba zamani kompyuta zilikuwa zikilishwa majani. Sikumlaumu. Nyinyi mmezaliwa mpira unatazamwa kiganjani. Lakini ile kadi iliponigusa mkono, vidole vilikufa ganzi. Nikakaa kitako. Binti akadhani nimeshikwa na presha, akaenda kunitafutia maji. Haikuwa presha. Nilikuwa nimerudi Msuka, huku kaskazini mwa Pemba, nyumbani kwa Mwalimu Hamadi, alasiri moja ambayo sijapata kuisahau.

Ngojeni kwanza niwaambie kadi yenyewe, maana bila ya hiyo hamtanielewa.

Kabla ya matangazo kuhamia dijitali, mtu mwenye kompyuta ambaye hana televisheni alikuwa akinunua kadi ya TV. Unafungua kasha la kompyuta, unaichomeka kwenye nafasi iliyo wazi, unatia antena nyuma, unaweka draiva, yaani programu ya kuiendesha, kutoka kwenye diski, na kioo cha kompyuta kinakuwa televisheni. Bwana mmoja wa Wambaa aliinunua akaiweka juu ya meza, akaitia antena, akakaa akiingoja imwonyeshe picha. Aliponiita alikuwa na hasira kweli kweli. "Fundi, kadi hii mbovu." Nikamuuliza kompyuta iko wapi. "Kompyuta ya nini? Mie nataka televisheni."

Kuichagua kulikuwa na mambo yake. Kwanza unatazama kama kompyuta ina nafasi ya kuipokea. Pili unatazama nguvu za kompyuta. Kama ni nzee, tafuta kadi yenye chipu yake ya kurekodi, vinginevyo ukirekodi picha itakwenda kwa kurukaruka kama mtu mwenye kwikwi. La tatu ndilo lililokuwa likiwaponyoka wengi, nalo ni sauti.

Hilo nilifundishwa na marehemu Mzee Sleiman wa Wete, Mwarabu ambaye babu zake walikuwa na mashamba ya karafuu na yeye akarithi bisibisi. Alikuwa akiniambia, "Makame, picha na sauti wanasafiri pamoja lakini hawaingii mlango mmoja." Maana yake ni kwamba kila kituo huipa sauti masafa yake, mbali kidogo na yale ya picha. Kituo chetu cha Unguja kilifuata mpango mmoja kama wa Waingereza. Vya ng'ambo ya Kenya vilifuata mpango mwengine. Kadi iliyotengenezwa kwa mpango mmoja tu itakupa picha ya jirani bila ya sauti yake. Utamwona mtu anapanua mdomo, husikii kitu. Kwa hiyo tukitafuta kadi inayojua mipango yote, hata ikiwa sura yake mbaya.

Sasa Msuka.

Mwalimu Hamadi alikuwa akisomesha hesabu. Mtu mpole, mrefu, anayezungumza kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alikuwa na mdogo wake, Khatibu, fundi cherehani. Kabla ya sikukuu Khatibu alivuka kwenda Mombasa kununua vitambaa, yeye na jirani yake Faki mwenye mashua ya mashine. Walikwenda salama. Katika kurudi hawakufika. Bahari ilitafutwa na kila mwenye chombo, kukaonekana ubao mmoja wa mashua ile na kandambili. Basi.

Wiki zikapita. Watu wakaanza kusema asomewe khitma. Wengine wakamwambia Raya, mkewe Khatibu, aingie eda. Shehe wa msikiti akakataa. "Mtu aliyepotea si maiti," akasema. "Mpaka kadhi atamke." Kwa hiyo nyumba ile ikabaki katikati. Hakuna msiba, hakuna furaha. Wanawake walikuwa wakija kukaa, hawajui waseme pole au waseme nini.

Ndipo Mwalimu Hamadi akanijia Wete. Alinikuta karakana, hakukaa.

"Fundi, kwetu Msuka, ukisimamisha antena juu, picha za Kenya zinakamata. Nasikia wao hutangaza watu walookotwa baharini. Mie sina televisheni. Nna kompyuta. Nataka kadi."

"Nikuazime televisheni, Mwalimu. Rahisi zaidi."

"Hapana." Akatikisa kichwa. "Televisheni picha ikipita imepita. Nataka kitu cha kurekodi, nnachoweza kuisimamisha. Uso wa ndugu yangu usinipite nami nimekaa naangalia."

Nilikuwa na kadi mbili. Moja ililetwa na kijana wa Kipemba aliyekuja likizo kutoka London. Kadi nzuri, ina rimoti, ina chipu yake ya kurekodi. Lakini ilikuwa ya mpango wa Kiingereza peke yake. Ya pili ilikuwa kadi chakavu, haina rimoti, kurekodi haiwezi kwenye kompyuta nzee kama ya Mwalimu, lakini sauti za vituo vyote inazijua. Na kompyuta yake ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki.

Nikamweleza yote. "Hii itakupa uso wa kurekodi, lakini wa Kenya hutawasikia. Hii itakupa sauti, lakini kitu kikipita kimepita. Chagua."

Akazishika zote mbili, moja mkono huu, moja mkono huu. Nimeuza vifaa maisha yangu yote na sijaona mtu akichagua kadi huku machozi yanamtoka.

"Uso," akasema.

Nikaenda naye Msuka, nikazichukua zote mbili kwa tahadhari. Tulisimamisha antena kwenye mwanzi mrefu kando ya ukuta, tukaielekeza kaskazini magharibi, ng'ambo ya bahari. Mmoja anauzungusha mwanzi nje, mmoja ndani anapiga kelele dirishani: bado, bado, hapo hapo, umepita! Kazi hiyo nyinyi hamtaifanya tena. Ikaja picha ya Kenya, ina chenga lakini sura za watu zinatambulikana. Sauti, kama nilivyomwambia, hakuna.

Siku ile sikurudi Wete. Bi Kazija, mama yao, alinambia nikae nile, na ukikaribishwa na mama aliye katika hali ile huwezi kuondoka. Tulisali alasiri, tukarudi chumbani. Mimi nilikuwa nikimfundisha Mwalimu kubonyeza kitufe cha kurekodi. Saa kumi ikaanza taarifa ya habari. Msomaji anafungua mdomo na kufumba. Wakaonyeshwa wanasiasa. Wakaonyeshwa ng'ombe. Mwalimu alikuwa anarekodi yote, hakuacha kitu.

Kikaja kitanda cha hospitali. Mtu amelala, amebaki mifupa mitupu, midomo imepasuka, macho wazi yanatazama dari.

Wallahi mie sikumtambua. Khatibu nilikuwa nikimjua, alinishonea kanzu ya harusi ya binti yangu. Sikumtambua. Nilikuwa nataka kusema, maskini, huyu nani. Kisha nikasikia bilauri inavunjika nyuma yangu.

Bi Kazija alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga ukelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Kidole chake kile."

Picha ikapita. Kikaja kitu chengine, mpira nadhani.

Mwalimu alishindwa kukishika kipanya cha kompyuta. Nikakishika mimi, nikairudisha picha, nikaisimamisha. Mkono wa kulia wa yule mtu ulikuwa juu ya shuka, na kidole cha shahada kimepinda kando. Khatibu alitobolewa na sindano ya cherehani alipokuwa mwanafunzi, kidole kikapona vibaya. Kila aliyewahi kupimwa nguo na yeye anakijua kidole kile.

"Ni yeye," akasema Mwalimu. "Ni yeye. Fundi, ni yeye? Niambie weye."

Nikasema ndiyo.

Nyumba ikajaa watu nisijue wamepita wapi. Raya aliletwa akiwa ameshikwa mikono miwili. Akapiga magoti mbele ya kioo, akamwangalia mumewe bila ya kupepesa. Hakulia. Rangi yake tu ilibadilika.

"Yuko wapi?" akauliza. "Hapa ni wapi?"

Hakuna aliyejua. Chini ya picha kulikuwa na maandishi, lakini chenga zilikuwa zimeyala. Tukasogea, tukarudi nyuma, mmoja akasema Malindi, mmoja akasema si Malindi. Na yule mtangazaji, ambaye hapana shaka alikuwa anasema kila kitu tulichotaka kukijua, alikuwa anapanua mdomo tu kama samaki. Nimepata kuona vyombo vingi vibovu katika maisha yangu. Sijapata kukichukia chombo kizima kama nilivyoichukia kadi ile.

"Saa moja watarudia habari," nikasema. "Nitatoa kadi hii nitie ile ya pili. Tutasikia."

"Basi fanya," akasema mtu.

Nikanyoosha mkono niizime kompyuta.

"Usimzime!"

Bi Kazija alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Mwanamke mzee, lakini nilishindwa kujinasua. "Usimzime mwanangu! Mmemtoa baharini, sasa mnataka mumzime?"

"Bibi, huyu ni picha. Imehifadhiwa. Nikiwasha atarudi."

"Na asiporudi?"

Mwalimu Hamadi, mtu wa hesabu, mtu ninayemheshimu, akanitazama naye akasema kwa sauti ya kitoto, "Kweli fundi. Na asiporudi?"

Wanangu, hapo nilishtuka mpaka ndani. Kompyuta ile ilikuwa nzee. Ukibadilisha kadi, draiva zikagombana, inaweza kukataa kuwaka kabisa. Nilikuwa nimeshaona hivyo mara nyingi. Kazini tunasema kompyuta imekufa, tunacheka, tunaanza upya. Pale hakukuwa na mtu wa kuambiwa imekufa. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja, na yule mtu kwenye kioo anatazama dari.

Raya ndiye aliyeinuka. Akamwondoa mkwewe vidole kimoja kimoja kutoka mkononi mwangu, kwa upole.

"Mama," akasema, "picha haimpi maji. Zima, fundi."

Nikazima. Kioo kilipokuwa cheusi Bi Kazija alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea.

Nikafungua kasha. Nikakigusa chuma chake kwanza ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu, na hilo nyinyi mlifanye kila mara, hata mkiwa na haraka, hasa mkiwa na haraka. Nikaitoa kadi ya London, nikaisukuma ile chakavu mpaka ikakaa sawasawa. Nikawasha. Kompyuta ikaunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena. Watu nyuma yangu walikuwa wanasoma Yaasin, kila mmoja na aya yake. Ikawaka. Nikaweka diski ya draiva, nayo ilikuwa na mikwaruzo, ikakwama katikati. Nikaitoa, nikaifuta kwa ncha ya msuli niliojifunga kiunoni, kutoka katikati kwenda ukingoni, usiifute kwa kuzungusha, nikairudisha. Ikaendelea.

Adhana ya magharibi ikatukuta hapo. Wanaume wengi wakaenda msikitini, sisi wengine tukasali ukumbini. Tuliporudi picha ya Kenya imekuja.

Sauti hakuna.

Nilibadilisha mpango wa sauti, hakuna. Nikajaribu mwengine, hakuna. Mwalimu akaanza kusema kitu nikamwinulia mkono. Nikajiambia, Makame, acha kuogopa, fuata njia. Sauti inatoka wapi, inakwenda wapi? Nikainama nyuma ya kasha. Kadi ile ya kizamani ilikuwa haitoi sauti mpaka uitoe mwenyewe kwa waya mfupi, kutoka tundu lake kwenda kwenye tundu la sauti la kompyuta. Waya huo sikuwa nao. Nikaukata wa spika za redio ya Mwalimu, nikaumenya kwa meno, nikauunga.

Zikapasuka spika kwa ngoma za taarifa ya habari. Kila mtu aliruka. Mtoto mdogo akaanza kulia.

Tukangoja. Wanasiasa, sasa tunawasikia, na hatutaki. Ng'ombe. Kisha yule msomaji akasema, nami nawapa maneno yake kama ninavyoyakumbuka:

"Hospitali moja mjini Malindi inaomba msaada wa kumtambua mtu aliyeokotwa na wavuvi akielea juu ya dumu la petroli wiki kadhaa zilizopita. Mtu huyo ni dhaifu na hawezi kueleza jina lake. Kila anapoulizwa kwao ni wapi, hujibu neno moja tu. Yeyote anayekijua kijiji kinachoitwa Raya anaombwa afike hospitalini."

Nyumba nzima ikageuka kumtazama mwanamke aliyekuwa amekaa sakafuni.

Raya aliweka mikono miwili kifuani. "Kijiji?" akasema. "Mie kijiji?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka ukawa si ucheko, na Bi Kazija akamkumbatia, wakaanguka pamoja juu ya jamvi. Mwalimu alitoka nje, akaegemea ukuta, akatapika.

Alfajiri wakaondoka, Mwalimu na Raya, kwa chombo cha watu wa Msuka. Walimkuta Malindi hai. Muuguzi alikuwa amewaonya wasitarajie atawajua. Raya alinambia baadaye kwamba aliingia chumbani akakaa kitandani, na Khatibu akamtazama muda mrefu, kisha akasema, "Vitambaa vyote vimerowa." Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia. Akarudi Pemba, akapona kidogo kidogo, mkono wa kulia haukurudi sawasawa, akawa anakata nguo na Raya anashona. Alipopata nguvu alieleza. Mashua ilijaa maji, wakashika dumu moja wote wawili, na kabla hakujapambazuka Faki aliachia. Khatibu aligeuka, hayupo.

Lakini hayo tuliyajua baadaye. Siku ile Mwalimu na Raya walipoondoka, hakuna aliyejua chochote kuhusu Faki. Mimi nilibaki Msuka kwa sababu Mwalimu aliniomba niiangalie kompyuta, huenda zikaja habari nyengine. Alasiri, karibu na wakati wa habari, akaingia Bi Time, mama yake Faki. Amejifunga kanga vizuri, amejitia mafuta, kama anayekwenda kupokea mgeni. Bi Kazija akamsogezea mkeka. Wakakaa bega kwa bega mbele ya kioo, wazee wawili.

Habari zikaanza. Wakakirudia kile kitanda. Bi Time akasogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo. Alikuwa hamwangalii Khatibu. Alikuwa anaangalia pembeni mwa picha, pale ukingo wa kitanda unapokatika.

"Mwanangu fundi," akasema, "hebu nenda kauzungushe ule mwanzi kidogo. Pengine wangu yuko kitanda cha pili, hakuingia tu kwenye picha."

Nikamwangalia Bi Kazija. Bi Kazija akainamisha kichwa.

Mimi ndiye niliyeweka antena ile. Najua antena inafanya nini na haifanyi nini. Nikatoka nje, nikaushika mwanzi kwa mikono miwili, nikauzungusha pole pole kuelekea upande wa Malindi.

"Imekuja?" nikaita dirishani.

"Bado, mwanangu. Zidisha kidogo."

Nikazidisha.